Hita ya Katunge

Ukungu ulikuwa umeshaumeza mji wa Kikima wote Mulwa alipobisha kwa Katunge. Begani alibeba mkoba wa spana, na juu ya spana kulikuwa na sabuni ya mtoto. Kasyoka, mke wake, alikuwa amejifungua wiki hiyo, naye alimtuma sabuni hiyo tu: nenda dukani, urudi. Lakini Mulwa ni fundi, na fundi akipigiwa simu, miguu yake hugeuka yenyewe.

Katunge, mjane wa makamo aliyeishi peke yake, alimfungulia mlango akiwa na koti na viatu. Ndani ya nyumba yake mwenyewe, koti na viatu! Kando ya mlango kulikuwa na begi lililofungwa zipu. Mulwa aliliona, akalipuuza.

"Fundi, hii hita imenishinda," Katunge alisema kwa sauti ya chini. "Maji inatoka tu vuguvugu. Tangu mwaka jana."

"Na hukuita fundi mwingine?"

"Wamekuja. Hakuna mwenye alikubali kupanda juu."

Mulwa alicheka. Mafundi wa siku hizi wanaogopa hata buibui. Aliegemeza ngazi ya Katunge kwenye tundu la dari juu ya bafu, akapanda.

Tangi lilikuwa darini, zima, halivuji hata tone. Kwa tesita, kipimo chake cha umeme, alipima elementi, chuma kinachochemsha maji: nzima. Themostati inayodhibiti joto: nzima pia. Aligusa bomba la maji ya moto linalotoka kwenye tangi, akarudisha kidole haraka. Moto kabisa! Sasa vuguvugu linatoka wapi?

"Mama, fungua mfereji wa moto!"

Katunge alifungua. Mulwa akafunga koki inayoingiza maji baridi kwenye tangi. Hapo mfereji ulipaswa kukauka.

Haukukauka.

Maji yaliendelea kuchuruzika, sasa baridi tupu. Mulwa alitabasamu, maana ugonjwa ulikuwa umejulikana. Mahali fulani humo nyumbani kulikuwa na bafu jingine lenye mifereji iliyoachwa wazi, wa baridi na wa moto pamoja, maji baridi yanaingia kwenye bomba la moto na kuharibu kila kitu.

"Mama, uko na bafu ingine?"

Chini, viatu vya Katunge vilisogea sakafuni.

"Mama?"

"Ilikuwa ya mama mkwe," Katunge alijibu. "Alifariki. Nilifunga hicho chumba na misumari."

Mulwa aliwasha tochi ya simu, akatambaa kufuata bomba hadi juu ya chumba hicho. Hapo akasikia chini yake maji yakimwagika sakafuni. Yalimwagika kidogo... yakakatika... yakamwagika tena. Ndivyo yanavyosikika mtu anapooga, anapojigeuza.

Harufu ikapanda kwenye nyufa za mbao. Sabuni ya kipande, na nguo zilizolowa siku nyingi.

Hita haina haraka, alijiambia, kesho pia ni siku. Alirudi kinyumenyume hadi kwenye tundu, akashusha mguu kutafuta ngazi.

Ngazi haikuwepo.

"Mama Katunge! Ngazi iko wapi?"

Alichungulia. Katunge alikuwa amesimama chini kabisa ya tundu, amekumbatia ngazi kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa ameziba mdomo wake mwenyewe. Machozi yalikuwa yakimtoka.

Kule kwenye chumba kilichofungwa, maji yakakatika.

Kisha, nyuma ya Mulwa, mle mle darini, sauti ya bibi kizee ikasema taratibu:

"Wakya?"

Kwa Wakamba, mtu mzima akikusalimu hivyo, jibu ni moja, na halicheleweshwi. Mtoto hufundishwa kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mulwa alilelewa vizuri. Mdomo ulifunguka kabla akili haijafika.

"Aa," aliitikia.

Hapo hapo mvuke ukajaa bafuni. Maji ya mfereji yalikuwa yanafoka, ya moto kama chai. Katunge akaondoa mkono mdomoni, akairudisha ngazi.

"Shuka, mwanangu. Nisamehe."

"Huyo ni nani?" Mulwa aliuliza akishuka.

"Alikufa akingoja maji ya kuoga." Katunge alikuwa ameshafika mlangoni, ameshika begi. "Nimemwitikia mwaka mzima. Yeye huenda na mwenye amemwitikia wa mwisho."

Alitoka bila kufunga mlango, na Mulwa akabaki amesimama na spana mkononi.

Alikimbia hadi kwake. Kasyoka alikuwa jikoni, sufuria inachemka kwa fujo. Alimimina maji kwenye beseni, akachovya kiwiko, akashangaa.

"Mbona imepoa? Si imetoka kwa moto saa hii?"

Mtoto alipoguswa na yale maji alilia, mwili mzima ukitetemeka kwa baridi. Mulwa akasikia harufu. Sabuni ya kipande. Nguo zilizolowa.

"Wakya?" sauti ikasema nyuma ya mlango wa jikoni.

Kasyoka ni binti wa Kikamba wa kule Mutomo, aliyefundwa akafundika. Aliinua kichwa, akafungua mdomo.

"AA!" Mulwa alipiga kelele kumtangulia.

Beseni likaanza kutoa mvuke. Kasyoka akamtazama mumewe, kisha mlango.

"Ni nani huyo?"

"Jirani," Mulwa alisema.

Tangu hapo hachukui kazi ya jioni. Jua likianza kushuka anakaa jikoni, amezima redio, anasikiliza. Lazima aitikie yeye kwanza. Akichelewa kidogo tu, ataitikia Kasyoka, bibi amfuate yeye, na Kasyoka ndiye anayelala na mtoto. Amekonda. Kanisani wamemwombea, lakini hakuwaambia wanaomba juu ya nini.

Jana alimpigia simu Nyamai, fundi mwenzake.

"Pitia kwangu kesho jioni," alimwambia kwa sauti ya chini. "Maji inatoka tu vuguvugu."

Nyamai alikubali mara moja. Ni mtu wa adabu sana, Nyamai. Ukimsalimu, huitikia.