Mzee Muthama na Chupa ya Soda

Jumamosi asubuhi mama alipokwenda kwenye mkutano wa kina mama wa kanisa, Ndinda ndiye aliyebaki dukani, pale Mwingi, akiuza sukari na kumwangalia Muli, ndugu yake wa miaka miwili. Kazi aliyoichukia ni kupima mafuta ya taa kutoka kwenye pipa. Mama alikuwa amemkataza mara nyingi kuyatia kwenye chupa za soda. Lakini Ndinda, wa darasa la sita, alijiona ana akili kuliko mtaa mzima. Siku hiyo dumu la mafuta lilikuwa uani naye aliona uvivu kulifuata, basi akatia mafuta kwenye chupa ya soda, akaiacha chini bila kizibo.

Alipogeuka, Muli alikuwa ameshapiga funda. Alikohoa, akapaliwa, macho yakamtoka.

Ndinda aliificha chupa nyuma ya gunia la ndengu kwanza. Ndipo akapiga mayowe.

Watu walijaa, na mbele yao Mzee Muthama. Huyu aliwahi kufagia wadi ya hospitali kwa miezi minne kabla hajafutwa kazi, na tangu hapo hapakuwa na ugonjwa asioujua. Mfukoni alibeba kalamu tatu, na hakuna hata moja iliyoandika.

"Rudini nyuma! Hii ni njugu imekwama," alisema kabla hata hajamtazama mtoto. "Nimeona hii kitu mara mingi."

Akamshika Muli miguu, akamning'iniza kichwa chini na kumkung'uta kama gunia tupu. Umati ukamtazama kwa heshima. Mmoja alitaka mtoto anyweshwe maziwa, mwingine maji ya sabuni, na mama mmoja akasema apulizwe masikioni. Hakuna aliyeuliza mtoto amekula nini. Harufu ya mafuta haikumshtua mtu, kwani duka lilinuka hivyo kila siku.

Mabwege hawa, Ndinda aliwaza. Aliwadharau wote, lakini yeye aliyejua alinyamaza kwa kuogopa fimbo.

"Sasa natia kidole, atapike," alisema Muthama, akikifuta kidole chenyewe kwenye suruali.

Ndinda alikumbuka. Sista Kalunde, muuguzi wa zahanati, alikuwa amewaambia shuleni kwamba aliyekunywa mafuta ya taa hatapishwi, maana mafuta yanaweza kuingia mapafuni yakamuua.

"Usimtapishe!" alilia, akiitoa chupa. "Amekunywa mafuta ya taa!"

Muthama akacheka. "Mtoto wa darasa la sita ndiye atanifunza?"

Ndinda alimpokonya Muli na kutoka mbio. Nje, Abukar, mfanyabiashara wa mbuzi, alishasikia. Akafungua mlango wa pikapu yake. "Panda, binti. Shika hiyo chupa vizuri, daktari ataitaka."

Zahanatini Sista Kalunde alinusa chupa, akasikiliza kifua cha Muli kwa muda mrefu. Baadaye Muthama akafika, akihema, kuja kueleza jinsi alivyomwokoa mtoto.

"Mzee, uliuliza mtoto amekunywa nini?"

"Sista, mimi niko na uzoefu wa hospitali."

"Wa ufagio," alisema Sista Kalunde, na hakumtazama tena.

Kufikia jioni Muli alipumua vizuri, ila alilazwa achunguzwe mpaka asubuhi. Mama alikuwa amefika, akimshika mtoto mkono. Ndinda alisimama wima akingoja kusifiwa.

"Wewe ulijua saa ngapi?" Sista alimwuliza.

"Tangu mwanzo," alinong'ona.

"Basi usijivune. Muthama hakujua akajifanya anajua. Wewe ulijua ukajifanya hujui. Nyote mlikaribia kumuua. Mtu asiyefunzwa hakatazwi kusaidia. Aseme ukweli wa kilichotokea, amlete mgonjwa haraka, na asilolijua aliache."

Mama aliinua chupa. "Na nani aliyetia mafuta humu?"

Ndinda alitazama sakafu.

"Ni mimi, mwaitu," alimjibu mama yake. "Nisamehe."

"Hayo," alisema Sista Kalunde, "ndiyo maneno tuliyoyahitaji asubuhi, kabla ndugu yako hajaning'inizwa miguu juu."