Majani Kwenye Mtandio

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mama alitaka kumpa kitu kisichouzwa dukani. Alichukua mtandio mweupe wa pamba, akapanga juu yake majani na maua ya uani, akayagonga kwa nyundo mpaka rangi ikaingia.

Ulipendeza kweli. Majirani wote walionyeshwa. Kisha mama akaufua.

Binti aliporudi kutoka kazini aliukuta kwenye kamba. Majani yamegeuka mabaka ya kahawia.

"Mama, huu ni mtandio au nepi?"

Mama alicheka, lakini machozi yalimlengalenga. "Nimejitangaza mtaa mzima. Uso wangu nitauficha wapi?"

"Twende kwa Mama Vidole."

Mama Vidole alikaa nyumba ya tatu. Alifanya kazi kwenye karakana ya kutia vitambaa rangi, na vidole vyake vilikuwa vya buluu mwaka mzima. Aliugeuza mtandio huku na huku.

"Uliufua kabla ya kuanza?" aliuliza.

"Ulikuwa mpya, jirani. Niufue ya nini?"

"Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani. Rangi haipiti. Na shabu je, ulitia?"

"Shabu? Lile jiwe la vinyozi? Kwani mimi nanyoa ndevu?"

Mama Vidole alicheka mpaka akashika ukuta. "Shabu ndiyo inayoishikisha rangi kwenye uzi. Bila shabu, rangi ni mgeni tu. Ikiona maji, inaaga."

Kesho yake walianza upya na mtandio mwingine. Waliufua kwa sabuni, wakauloweka kutwa kwenye maji ya vuguvugu yenye shabu. Siku ya pili waliukamua, wakautandaza mezani ukiwa na unyevu.

"Mgongo wa jani uangalie chini," alielekeza Mama Vidole. "Wenye mishipa. Na tumia mimea unayoijua, maana mingine ina sumu."

Binti alipanga majani ya mwaridi. Mama alitawanya maua ya manjano. Waliuviringisha mtandio kwenye fimbo, wakaufunga kwa kamba.

"Kaza," alisema Mama Vidole. "Jani lisipobanwa halichapi."

Waliupika kwa mvuke kwa muda wa saa mbili, kwenye sufuria kuukuu.

"Sufuria hii isirudi tena kwenye chakula," alionya Mama Vidole.

Kungoja upoe kulikuwa kazi. Mama alikaa, akasimama, akakaa tena. Hatimaye walikata kamba. Jani la kwanza lilitokea na kila mshipa wake, kisha la pili, kisha ua kama jua dogo. Binti aliziba mdomo kwa mikono miwili.

"Usishangilie bado," alisema mama. "Maji hayajasema."

Waliuanika kivulini siku tatu. Siku ya nne binti aliutumbukiza kwenye beseni. Mama aligeukia ukutani.

"Mama, tazama."

Maji yalikuwa na manjano kidogo tu. Waliyamwaga, wakatia mengine. Hayo yalibaki meupe. Majani yote yalikuwa mahali pake. Mama alimkumbatia Mama Vidole, beseni nusura limwagike.

Jumamosi, katikati ya picha, shangazi wa bwana harusi alimsogelea bibi harusi.

"Ngoja mwanangu, umeangukiwa na jani."

Akalikwangua begani kwa ukucha. Akalikwangua tena. Halikutoka.