Feni ya Jiko la Mama Nomsa

Firmin aliuchomoa waya ukutani, akabaki nao mkononi, akingoja feni isimame. Haikusimama. Alihesabu mpaka hamsini, na bado ilikuwa ikizunguka polepole nyuma ya jiko.

"Ni upepo wa dohani tu," alisema. Lakini hakuigusa mpaka ilipotulia yenyewe.

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 1998, Alexandra, kitongoji cha Johannesburg. Firmin, fundi kutoka Lubumbashi, alizijua feni zinazopuliza majiko ya makaa ya mawe. Jivu hujaa kwenye mapanga, beringi hukauka, brashi za kaboni huisha. Fundi husafisha, hutia mafuta, huenda zake. Mota za nyumba hii hazikufa hivyo, na hii ilikuwa ya pili. Aliifungua juu ya meza, akamwita Biubwa.

"Maman, angalia. Inakaa nyuma ya moto siku nzima, lakini ndani imelowa."

Biubwa aligusa. Maji yalikuwa vuguvugu, mazito, na yalinuka mdomo wa mgonjwa.

Biubwa aliolewa Morogoro na Bheki, mkimbizi wa Afrika Kusini, akamfuata kwao siku za uhamisho zilipokwisha. Mwaka uliopita kifua kilimuua Bheki. Akabaki na mama mkwe wake, Nomsa, wakizungumza Kizulu, wakiota moto wa jiko moja.

Firmin alifunga mota ya tatu. Moto, badala ya kuinuka, ulilala kuelekea nyuma.

"Inavuta," alisema. "Nimegeuza feni, nimegeuza na nyaya. Bado inavuta."

"Mwacheni," Nomsa alisema kutoka kitini pake. "Bheki anapumua."

Tangu siku hiyo bibi alianza kuishiwa pumzi. Akitoka uani, hurudi ameshikilia ukuta. Jioni moja Biubwa aliingia jikoni akamkuta amepiga magoti nyuma ya jiko, midomo ameibandika kwenye tundu la feni, anapuliza.

"Makoti," Nomsa alinong'ona. Hivyo ndivyo alivyomwita tangu alipokuja, yaani bibi harusi kwa Kizulu. "Njoo umsikie."

Biubwa aliinama, na ndani ya mvumo wa mota akasikia kikohozi, viwili vifupi na kimoja kirefu, kile kile alichokisikia chumbani miezi minne ya mwisho ya mumewe, kisha kikakatika, na sauti nyembamba ikasema, karibu sana na sikio lake, "Mama, nipe pumzi nyingine kidogo."

Jumapili Biubwa alimleta Vuai, Mpemba aliyekuwa mlinzi wa ghala huko Midrand na aliyejulikana na Watanzania kwa kisomo chake. Alikuja mchana, bado na mabuti ya kazi. Alitia ubani juu ya makaa, akasoma kwa muda mrefu, akasimama.

"Huyu si mumeo. Ni jini. Alisikia maiti anaitwa kila siku, akaja kuitikia. Mimi naweza kumshika. Kumtoa, atamtoa aliyemkaribisha."

Biubwa alimfasiria mama mkwe. Nomsa akatikisa kichwa.

"Nilimfukuza mwenyewe mwaka sabini na saba, polisi walipomtafuta. Nilimwambia nenda, usigeuke nyuma. Alikuwa na miaka kumi na saba. Simfukuzi tena."

Vuai akaanza kusoma upya, na feni, ambayo waya wake ulikuwa chini sakafuni, ikaanza kuzunguka, kwanza polepole, kisha kwa kasi iliyotikisa sufuria ukutani, pazia likavutwa likanyooka kuelekea jiko, moshi wa ubani ukanywewa wote, na Biubwa akafungua kinywa avute hewa asiipate, akaanguka magoti, akashika koo, macho yakimtoka, wala hakuweza hata kusema shahada.

"Bheki!" Nomsa alilia. "Mwache mkeo!"

"Mama," sauti ilijibu kwa upole, "huyu anazo nyingi."

Nomsa alinyanyuka. Alisogea mpaka mbele ya jiko.

"Mwanangu alimpenda huyu," alisema. "Wewe si mwanangu. Mwanangu yuko makaburini, amelala. Toka!"

Mota ilipasuka. Moto ukazima mara moja, makaa yote, kana kwamba yamemwagiwa maji. Biubwa alivuta hewa, akalia.

Vuai alikuwa akikusanya vitu vyake. "Amesema nini mama?"

Biubwa akamweleza neno kwa neno. Vuai alisimamisha mkono.

"Amemwonyesha mahali pa kwenda," alisema taratibu.

Firmin aliing'oa feni, akaziba tundu kwa bati. Nomsa alipata nafuu. Baada ya wiki tatu aliomba apelekwe kaburini, wakaenda asubuhi na mapema, umande ukiwa umeganda mweupe juu ya makaburi yote.

Yote isipokuwa moja. Udongo wa Bheki ulikuwa mweusi na mkavu. Katikati palikuwa na ufa mwembamba, na ingawa hapakuwa na upepo, majani makavu pembeni yake yalikuwa yameinama kuelekea ndani.

Nomsa aliweka kiganja juu ya udongo. Uso wake ukalainika.

"Ni yeye," alisema. "Safari hii ni yeye kweli." Akainama, akapeleka midomo kwenye ufa.

Biubwa alimshika mabega kwa mikono miwili, akavuta. Bibi alikuwa mwepesi siku zote. Sasa hakusogea hata kidogo.