Kubwa Kuliko, Ndogo Kuliko

Foleni ya duka la kutengeneza simu ilikuwa imefika barabarani. Mbele kabisa alisimama mwalimu wa hesabu, haoni, shati jeupe limenyooka kwa pasi, akimweleza fundi habari za kifaa chake cha breli, kile kinachoinua vidoti chini ya vidole.

"Herufi kinasoma. Alama za hesabu ndizo kinaruka."

"Hiyo si kazi ya bisibisi," akadakia dada wa nyuma yake, mwandishi wa programu, gauni la manjano, mdomo hauna breki. "Kinataka jedwali la alama, la kukiambia kila alama ni vidoti gani. Nitakuandikia."

"Na wewe ni nani?"

"Mtu mwenye haraka. Nipe namba yako."

Haraka gani, jamani! Moyo ulimwenda mbio dada hata akaisahau simu yake mbovu mkononi.

Siku kumi wakapigiana simu asubuhi na jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Alama ya kipeo umeipa vidoti vingapi?"

Mwalimu alikuwa na usaili wa kufundisha chuo kikuu, nafasi aliyoisubiri miaka sita. Siku ilipofika, akapapasa vidoti mbele ya jopo, akatangaza kwamba namba aliyoulizwa ni kubwa kuliko tano. Kwenye skrini ya jopo ilikuwa ndogo kuliko tano. Mmoja wao akacheka. Mwalimu akatoka, akazima simu.

Dada alipopata habari kwa walimu wenzake, akaazima kifaa kama kile, akafumba macho, akaipima kazi yake kwa kidole kwa mara ya kwanza. Alama za kubwa kuliko na ndogo kuliko alizinakili kutoka kwenye picha ya breli ya mkono, ambayo hutobolewa nyuma ya karatasi, kushoto ikawa kulia. Zilikuwa zimebadilishana. Akazirekebisha, akaenda kwa jopo kukiri, kisha mbio hadi shuleni kwa mwalimu.

"Wamekupa nafasi nyingine Jumatatu. Kosa ni langu. Nisamehe, nakupenda."

"Sikukukasirikia. Niliona aibu," akasema mwalimu. "Jedwali nilikaa nalo siku tatu, sikulijaribu. Nilikuwa nasikiliza sauti yako tu."

"Basi wazembe tumekutana."

Mwalimu akaandika kitu, akaushika mkono wa dada, akauweka juu ya vidoti. "Soma. Usichungulie."

Alisoma taratibu, herufi moja moja: nikuoe. Machozi yakamtangulia.

"Jumatatu kwanza," akasema.

"Na nikifeli?"

"Nioe Jumanne."