Kontena la Wagonjwa

Saa nane mchana. Chumba cha nyuma cha dobi kilinuka jasho la watu. Mashuka ya hospitali yamerundikwa hadi dirishani, na madoa ambayo ni heri usiulize yametoka wapi. Kipara, mkubwa wa genge, alikuwa anakula juu ya rundo hilo hilo. Mtu mzima, hana hata kinyaa!

"Sikilizeni," alisema, mdomo umejaa. "Mama Dobi kapata tableti ya mtu wa kompyuta wa hospitali. Mwenyewe kaisahau kwenye koti la kufuliwa. Tuna hadi jioni. Fundi, kazi kwako."

Fundi aliigeuzageuza. Imefungwa kila upande: haipokei flashi, haipigi picha, haifungui kitu ila ukurasa mmoja tu, ule wa kupandishia programu kwenye mashine za hospitali.

"Unatosha," alisema. "Napandisha kontena letu."

"Kontena!" Mama Dobi alicheka. "Litapita mlango gani?"

"Si la bandarini, mama. Ni programu iliyofungashwa na mahitaji yake yote. Likishakaa ndani, linachota taarifa zao. Mnunuzi atavuta mzigo jioni. Ila lisiguswe kabla. Mzigo umo humo humo, sikuuwekea ghala la pembeni, watu wa hospitali wangeliona. Likifutwa, kila kitu kimekwenda."

Fundi aliambiwa wanaiba bei za dawa. Akajaza jina, akabonyeza, alama ikawa ya kijani.

Saa nane na nusu. Mistari ikaanza kushuka kwenye skrini. Si bei. Majina, magonjwa, simu za ndugu.

"Hizi ni siri za wagonjwa," Fundi alisema.

"Ulidhani tunaiba vidonge vya homa?" Kipara alilamba vidole, akasogea. "Kila mmoja hapo atatulipa tunyamaze. Na huyu... lo! Huyu si dada yako? Wodi ya wagonjwa wa akili, miezi miwili. Shemeji yako anajua kaoa nini?"

Akacheka, makombo yakarukia skrini. Fundi akasoma jina tena. Dada aliyemlea! Kumbe ile safari yake, kabla hajaolewa, haikuwa safari.

"Bosi, huyu muache."

"Ndiye naanza naye. Usiniletee undugu hapa."

Fundi akabonyeza Futa. Ukurasa ukamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza Ndiyo.

Skrini ikabaki nyeupe. Kipara alichelewa kuelewa.

"Rudisha."

"Hakuna cha kurudisha."

Mama Dobi, aliyekuwa akimwita mwanangu tangu asubuhi, ndiye aliyemkandamiza mkono mezani. Kipara akamvunja vidole viwili, polepole, huku bado anatafuna. Kisha akajifuta kwenye shuka.

"Wengine wamepona," alisema. "Dada yako yumo humu." Akajigonga upara. "Kesho asubuhi niko mlangoni kwa mumewe."

Wakamtupa uchochoroni, kwenye maji machafu ya kufulia. Washenzi wakubwa, na yeye alikuwa mwenzao. Alitapika kwanza, ndipo akapiga simu kwa mkono wa kushoto.

"Dada, mwambie shemeji leo. Ile wodi. Mwambie wewe mwenyewe, kuna mtu anakuja kumwambia kesho."

Akasikia mlango ukifungwa taratibu upande wa pili, mumewe asisikie.

"Na wewe," dada alinong'ona, "umejuaje?"