Nyongeza Aliyoiomba Baba Mdogo

Mwaka jana, 1999, chuo kilifungwa kwa mgomo nikarudi Njombe, kwa baba yangu mdogo Linus, mtaa wa Ramadhani. Baba mdogo alikuwa akipeleka maziwa kwa wateja kwa baiskeli, dumu huku na dumu huku, na milima yetu ilikuwa imeshammaliza magoti. Mkewe, mama mdogo Hulda, alikuwa na kichanga, Tabea, mtoto aliyempata baada ya mimba kuharibika mara kwa mara. Nyumba nzima ilimwendea kwa kunyata. Kwa hiyo baba mdogo aliposikia kwamba Makambako zimeshushwa baiskeli za umeme, mtumba wa Japani, kwa bei ya kutupa, hakuna aliyembishia. Tulipanda gari asubuhi, mimi na yeye, jua limechomoza vizuri.

Tangu milango ya biashara ya nje ifunguliwe, kila kinachowachosha wenzetu kinaletwa kwetu, na sisi tunapanga foleni. Pale Makambako kulikuwa na friji zenye ukungu ndani, redio zisizo na mgongo, magodoro yenye ramani za mikojo ya watu tusiowajua. Katikati ya uchafu ule alikaa mwanamume wa makamo aliyejiita Enoki, na baiskeli moja tu. Ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Ila ilinuka kama mbeleko ambayo haijafuliwa.

Enoki akataja bei. Baba mdogo hajafungua mdomo, bei ikashuka. Akajikuna kichwa, ikashuka tena. Nikamvuta shati nikamwambia kwamba muuzaji anayejishusha mwenyewe hatafuti pesa, anatafuta pa kukitupia kitu. Akaninong'oneza kwamba uwakili wangu ningeuacha Dar es Salaam.

Akalipa. Halafu, kama mtu wa kwetu yeyote, ambaye gunia la viazi halimtoshi mpaka livishwe kilemba juu, akauliza:

"Na nyongeza?"

Enoki aliacha kutabasamu. "Unaitaka?"

"Nani anaacha haki yake?"

Yule mtu akakipangusa kiti cha nyuma kwa kiganja, taratibu, kama unavyompangusia mgeni. "Basi ipo. Usiifunge kamba. Itapanda yenyewe."

Baba mdogo alicheka njia nzima.

Majuma ya mwanzo yalikuwa ya kujivuna. Alipanda milima miguu ikining'inia, anapungia watu mkono kama askofu. Mimi nilikuwa natazama chaja. Plagi yake ilikuwa ya Kijapani, miguu bapa, haikuingia kwenye soketi yoyote ya nyumba ile. Nikamuuliza betri anaichajia wapi.

"Haijaisha," akasema.

"Mwezi mzima, baba mdogo?"

"Mjapani si mchezo, mwanangu."

Kisha maziwa yakaanza kurudi. Mke wa mwalimu mmoja alikuja na sufuria, akaliinamisha mbele yetu. Maziwa yalitoka yakivutika kama mlenda. Mate. Mate mazito ya mtu, yenye mapovu. Na madumu, ambayo baba mdogo alikuwa akiyafunga kwa mpira wa tairi, yalifika kila siku yamepungua, midomo yake imelowa.

Akina mama wa jumuiya walijua mchawi ni nani kabla hawajamaliza chai. Ni jirani yetu, mjane Dorosela, kwa kuwa ana macho mekundu. Niliwafuata hukohuko kwenye vikao vyao vya maombi nikawaambia kwamba macho mekundu ni moshi wa kuni, si ushahidi, na kama ni ushahidi basi nusu ya wanawake wa Njombe wakamatwe. Kesho yake mtu alimmwagia yule bibi kinyesi mlangoni. Haya ndiyo tunayoyaita maombi.

Wateja walipoisha, baba mdogo aliacha kubeba maziwa. Baiskeli ikakaa koridoni, imeegemea ukuta wa chumba cha Hulda.

Ndipo matiti ya Hulda yakakauka.

Usiku analala yamejaa, asubuhi yananing'inia kama soksi. Tabea alinyonya upepo, akalia, akachoka kulia. Ngozi ya mapaja ikawa kubwa kuliko mapaja yenyewe. Kliniki walimpima, wakatazama kadi, wakamwambia mama ale vizuri. Alikula. Tulimlisha mpaka akatapika. Mtoto alizidi kuisha.

Mchana mmoja ukungu ulishuka mpaka madirishani. Hulda alikuwa amelala kitandani, kanga kifuani. Nilikaa karibu naye, Tabea mikononi mwangu, namnyamazisha.

Nikasikia kumeza.

Nikamtazama mtoto. Midomo yake ilikuwa mikavu.

Sauti ikarudi. Funda la mtu mzima. Zito. Lina kohozi ndani yake. Kanga kifuani kwa Hulda ikabonyea. Ikainuka. Ikabonyea. Harufu ya mbeleko ikajaa chumba. Kisha titi likaachiwa kwa ule mlio wa mdomo unaoacha mfupa wa supu. Kimya kidogo. Halafu huko koridoni, springi za kiti cha nyuma zikalia.

Kama mtu ameketi.

Nilimweka Tabea kando ya mama yake, nikachukua bisibisi. Najua ilinipasa kukimbia. Hasira haikuniacha. Nikafungua boksi la betri.

Hapakuwa na betri. Palikuwa na maziwa yaliyoganda, ya kijivujivu, yamechanganyika na mvi fupi za ndevu. Nikagusa. Yalikuwa na joto. Yalipanda na kushuka, polepole, kama tumbo la aliyeshiba.

Nikamwita baba mdogo.

Baba mdogo aliyaona kwa macho yake. Nikamwambia tuichome. Unajua alisema nini? Kwamba hawezi kuchoma hela. Aliyamwaga yale maziwa chooni, akasugua boksi kwa sabuni, asubuhi akaisukuma baiskeli hadi sokoni. Nilimfuata. Nilikuwa nimejiandaa kupaza sauti nimwonye mnunuzi yeyote atakayejitokeza.

Akajitokeza Mika, mfanyabiashara wa viazi kutoka Iwawa. Aliizunguka baiskeli, akabonyeza matairi. Baba mdogo akataja bei. Kisha akaishusha mwenyewe. Kisha akaishusha tena, jasho linamtoka kwenye baridi ile.

Mika akalipa.

"Na nyongeza ipo," baba mdogo akasema.

"Sijaomba."

"Chukua tu, ndugu yangu. Ni haki yako."

"Mimi nachukua kilichopimwa," Mika akasema. "Kisichopimwa abaki nacho mwenyewe."

Baba mdogo akashika usukani, hauachii. Mtu mzima, mzee wa kanisa, akaanza kumbembeleza mwenzake achukue uchafu ule. Nilitamani ardhi inifiche. Akamwinamia sikioni, akanong'ona:

"Nina mtoto mchanga."

Mika akashika usukani upande wake. "Na mimi ninaye."

Akambandua vidole kimoja kimoja, akapanda. Hakuhitaji onyo langu. Tulimwona akiukanyaga ule mlima kwa nguvu zake zote, baiskeli nzito kama chuma chakavu, mpaka akashuka akaanza kuisukuma. Haikumsaidia hata kidogo. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, kinagongagonga.

Tulirudi nyumbani. Mlangoni Hulda alikuwa anacheka, anafuta machozi. Matiti yalikuwa yanamwagika. Tabea alikuwa ananyonya.

Alinenepa haraka. Ibada ya shukrani ikafanyika, baba mdogo akatoa ushuhuda, Dorosela hakuombwa radhi na mtu. Mtoto hakulia tena. Hata kwenye chanjo hakulia. Aliitazama tu sindano ikiingia.

Juzi ameota jino. Kwetu la kwanza likiota juu ni mkosi, kwa hiyo Hulda aliniita kwa furaha nikalione: limeota chini. Nikambinua Tabea mdomo kwa kidole.

Lilikuwa pana, la njano, limelika juu kwa kutafuna, na ubavuni lina tundu. Ndani ya tundu kulikuwa na unyuzi wa nyama.

Tabea hajaanza hata uji.