Kona Moja Inatosha

Nyuzi nne nyekundu za mwanga zilichomoka kwenye kona za mraba kiliposimama kinyago cha zimwi, zikakatiza juu ya meza kumtafuta mpiga upinde aliyejificha nyuma ya nguzo. Tatu zilikwama kwenye nguzo. Wa nne ukapenya. Meza ikatamka, "Kona moja imeonekana. Kona moja inatosha. Ruhusa ya kupiga."

Hiyo ndiyo mezamuzi, meza mwamuzi, mashine iliyompatia sifa Mhandisi Debora Mwaluko kote Dodoma. Zamani wachezaji wa michezo hii ya mazimwi na mashujaa walibishana mpaka chai ikapoa. Ili kujua kama kinyago kimoja kinakiona kingine, mchezaji alipiga magoti, akafumba jicho moja, akachungulia kutoka usawa wa kichwa cha kinyago chake. Huyu anasema namwona, yule anasema umeona upinde tu, wacha uongo. Kelele hizo zilimchosha Debora. Mwanzoni alitaka nusu ya mwili ionekane ndipo mashine itoe ruhusa, lakini ubishi haukuisha, basi akaandika sheria kavu ya kona moja. Watu wakashangilia. Mashine haina upendeleo, walisema, na kweli haikuwa nao.

Jumamosi hii alicheza na mdogo wake Yoramu, wawili tu. Yoramu hakuwa ametoka nyumbani tangu amzike binti yake Nyemo, aliyepigwa risasi na mlinzi wa chuma kwenye lango la ghala la maji, siku watu waliposukumana kwenye foleni ya mgao. Debora alifurahi mno kumwona ameshika vinyago tena. Ila ramani aliyoipanga Yoramu haikuwa pango wala ngome. Ilikuwa nguzo mbili na lango, basi.

"Mbona hujajenga hata ukuta, Yoramu? Mazimwi watakumaliza kilaini."

Hakucheka. "Dada, hizi nguzo huzijui?"

Debora akaziangalia vizuri: zilikuwa nguzo za lango la ghala la maji.

"Alikuwa katoka shule, akanikuta kwenye foleni," Yoramu alisema. "Vurugu zilipoanza nikamwambia, jibanze hapo nyuma ya nguzo mwanangu, usitoke. Akajibanza. Yule mlinzi akageuza kichwa, akasema, 'Kona moja imeonekana. Kona moja inatosha.' Kisha akapiga. Tangu siku hiyo najiuliza, maneno haya niliyasikia wapi? Kumbe ni hapa, kwenye meza yako."

"Haki ya Mungu sikujua, Yoramu. Kampuni iliyoinunua mashine yangu iliichukua pamoja na sheria zake. Waliniambia ni kwa ajili ya michezo mipya."

"Najua hukujua. Weka ile sheria ya kwanza, ya nusu ya mwili."

Debora akabadilisha sheria. Nyuzi zikatoka, tatu zikakwama tena kwenye nguzo, zote zikazimika.

"Hajaonekana," meza ikasema. "Hakuna ruhusa."

"Rudia," Yoramu alisema. Debora akarudia. "Tena, dada."

Meza ikasema yaleyale. Yoramu aliisikiliza kichwa kikiwa kimeinama, kisha akauliza, "Na kwa walinzi utaibadilisha?"

"Nitaenda kuwalilia wenye kampuni. Lakini sitakudanganya, hawatanisikiliza. Wanajisifu kwamba tangu waweke walinzi hao, langoni hakuna tena ubishi."

Yoramu alishuka kwenye kiti, akapiga magoti kama walivyofanya zamani, akafumba jicho moja na kuchungulia kutoka usawa wa kichwa cha zimwi. Machozi yakamtiririka kutoka kwenye jicho alilolifumba.

"Njoo uone," alisema.

Debora akapiga magoti kando yake, bega kwa bega, akafumba jicho. Mpiga upinde hakuonekana kabisa. Kwenye ukingo wa nguzo kilichomoza kipande cha kitambaa cha bluu tu, ambacho Yoramu alikuwa amekibandika mgongoni mwa kinyago.

"Unaona nini, dada?"

"Begi la shule," Debora alisema.